Kompyuta ya Ofisi na Wati 75

Kompyuta ya mtumba huwa na historia mbili. Ya kwanza ni ya kiwandani, ya pili inaanza siku iliposhushwa Mombasa ndani ya kontena. Ukiwa na bajeti ndogo na unataka kuigeuza iwe mashine ya gemu, itabidi uzijue zote mbili, la sivyo utanunua kipuri kisichoingia.

Yangu ni Dell OptiPlex 9020, lile boksi refu la kusimama. Ni ya 2013, ina prosesa ya Core i5-4570 na RAM ya GB 8. Ilitumika ofisini Uingereza kabla ya kufika Luthuli Avenue kwa jina tunalolijua sote: ex-UK. Usiku naitumia kuhariri video za harusi, na mchana mdogo wangu anaigombania acheze gemu. Zamu yangu ya chama imefika, nikaitengea mashine hii shilingi 25,000. Hakuna nyingine. Zikienda vibaya, kazi za Desemba zitanipita.

Kwamba naweza hata kufikiria kubadilisha kipuri kimoja na kuacha vingine, hilo lina chanzo chake. Agosti 1981, IBM ilitoa PC yake ya kwanza kwa haraka, ikitumia prosesa ya Intel na mfumo wa Microsoft. Ndani iliacha nafasi za kuchomeka kadi, na ikachapisha michoro ya kiufundi ili wengine watengeneze kadi hizo. Mwaka uliofuata Compaq ikatangaza mashine ya kuiga. Baadaye wakaja waigaji wengine wengi, IBM ikanyang'anywa soko lake yenyewe, na dunia ikapata biashara ya vipuri. Duka la mita mbili kwa mbili pale tao, lenye RAM na diski zimepangwa kama sabuni, ni kitukuu cha uamuzi huo.

Wasio na pesa walijua kuutumia tangu mapema. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo, iliyofanya kazi ya picha za 3D peke yake. Hukutupa kadi yako ya zamani. Uliziunganisha mbili kwa waya, mambo yakaendelea. Mwaka 1998 Intel ikauza Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya MHz 300. Vijana wakagundua kwamba ukipandisha kasi ya basi kutoka MHz 66 hadi 100, nyingi zilifika MHz 450 bila kulalamika, sawa na Pentium II ya wenye nazo.

Huku kwetu hadithi ilienda tofauti kidogo. Gemu zilikuja kwa CD za kunakiliwa, kwa sababu kudaunilodi ilikuwa ndoto. Kebo za TEAMS na SEACOM zilipoanza kazi 2009, intaneti ya kasi ikaanza kuwa kitu cha kawaida mjini. Lakini mashine zenyewe ziliendelea kuja kwa mtindo uleule: ofisi za Ulaya zikibadilisha, sisi tunapokea. Na kinachowafanya wabadilishe mara nyingi ni tarehe ya Microsoft. Aprili 2014 ilikuwa mwisho wa Windows XP. Tarehe 14 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Windows 10. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na yangu ni ya nne. Maana yake mashine hii imeshaingia uzeeni kwa barua rasmi.

Sasa turudi kwenye 25,000. Muuzaji mmoja alinionyesha RX 580 ya GB 8. "Buda, hii chukua na elfu kumi na mbili, inabeba gemu zote." Bei hiyo nayo ina historia. Miaka ya 2020 na 2021 wachimbaji wa Ethereum walinunua kadi hadi zikakosekana madukani. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ikaacha uchimbaji wa kadi, na zilizochoka zikamwagwa sokoni.

Shida ni umeme. RX 580 inakula wati 185 na inataka waya wake kutoka kwa pawa saplai. Pawa saplai ya OptiPlex yangu ni ya wati 290, haina waya huo. Tena Dell hawakuweka pini 24 za kawaida kwenye ubao mkuu, waliweka plagi yao ya pini 8. Kwa hiyo kadi ya elfu kumi na mbili inadai pawa saplai mpya na adapta juu yake, na bado sina SSD.

Nafasi ya kadi kwenye ubao wenyewe hutoa hadi wati 75. Ndiyo maana GTX 750 Ti ya Februari 2014, yenye wati 60, ilipendwa sana na wenye mashine za ofisi, na GTX 1050 Ti ya 2016 ikafuata njia hiyo kwa wati 75. Unachomeka, unawasha, basi.

Mpango wangu uko hivi: 1050 Ti ya GB 4 iliyotumika, 11,000, SSD ya SATA ya GB 500, 4,500. Jumla 15,500. RAM ya DDR3 siongezi hata ikiwa rahisi, kwa sababu mashine itakayofuata haitaikubali. Kadi na SSD zitahama nami. Zinazobaki, 9,500, naziweka kando kuanzia safari ya AM4, soketi ya AMD iliyopokea Ryzen za kwanza 2017 na bado ikapokea Ryzen 5 5600 mwaka 2022.

Mdogo wangu hajafurahi, anaitaka ile RX 580. Nimemwambia gemu zake zitacheza kwa 1080p akishusha setingi kidogo, na kwamba harusi ya Jumamosi ndiyo inalipa stima.