Mwezi wa Kumi na Tatu

Tuseme wanawake wawili wanafika Uingereza wiki moja, mwaka 2023, kwa viza ya aina moja. Mmoja ametoka Bulawayo, mwingine Eldoret. Wote wameajiriwa kuhudumia wazee majumbani: kumwamsha bibi huyu, kumwogesha mzee yule, kupasha chakula, kuhakikisha dawa zimemezwa, kisha kuwahi nyumba ya tatu kabla ya saa nne. Nyumba zenyewe zimetawanyika na mabasi ya vijijini hupita mara chache. Bila gari, kazi hiyo haiendi. Wote wawili wana leseni za nyumbani, na wote wameendesha kwa miaka kumi.

Kwa miezi kumi na miwili ya kwanza sheria haiwabagui. Kila mmoja anaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa leseni aliyokuja nayo. Kisha njia zinaachana. Wa Bulawayo anajaza fomu, anatia leseni yake kwenye bahasha, analipa pauni 43, na kadi ya Uingereza inamfuata kwa posta. Wa Eldoret anakuwa mwanagenzi. Anaomba leseni ya muda kwa pauni 34. Anafanya mtihani wa nadharia kwa pauni 23. Anajiandikisha kwa mtihani wa barabarani, pauni 62, na kuingia kwenye foleni inayoweza kumeza miezi. Mpaka siku atakayofaulu, kila akishika usukani gari lazima libandikwe herufi L nyekundu mbele na nyuma, na kando yake aketi mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye amekuwa na leseni kamili kwa miaka mitatu. Saa kumi na moja alfajiri, katika baridi ya Januari, mtu huyo atampata wapi?

Wawili hawa nimewatunga. Sheria sijaitunga. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, na katika bara zima la Afrika zimo mbili tu: Afrika Kusini na Zimbabwe. Kenya haimo, Tanzania haimo, Uganda haimo. Usifikiri ni suala la urafiki. Zimbabwe ilijitoa katika Jumuiya ya Madola mwaka 2003 kwa hasira, na kwa miaka mingi viongozi wake walikuwa chini ya vikwazo vya Ulaya. Kenya haijawahi kutoka. Hata hivyo karatasi ya Harare inasomeka na ya Nairobi haisomeki.

Ukiuliza sababu, jibu rasmi ni viwango: nchi huingia kwenye orodha pale mfumo wake wa kutahini madereva unapoonekana kulingana na wa Uingereza. Tusilidharau jibu hilo. Sote tunamjua mtu aliyepata leseni bila kukanyaga klachi, aliyeambiwa alete "kitu kidogo" na asijisumbue kuja siku ya mtihani. Leseni ni sahihi ya serikali inayosema: huyu tumempima. Sahihi hiyo ikiuzwa nyumbani, thamani yake hushuka kila mahali, na anayelipia tofauti ni yule aliyefanya mtihani wake kwa haki. Yeye ndiye anayekwenda kubandikwa L ughaibuni.

Lakini hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili imo katika historia, na historia hiyo inaonyesha kwamba mara nyingi leseni ya mgeni imepimwa kwa mambo yasiyohusu mikono yake.

Tuanze na Uingereza yenyewe. Jiji la Paris lilianza kudai cheti cha uwezo kwa madereva mwaka 1893. Waingereza hawakuwa na haraka hiyo. Sheria yao ya Magari ya 1903, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1904, ilimtaka kila dereva awe na leseni, na leseni hiyo iligharimu shilingi tano. Hakuna aliyeulizwa kama anajua kukata kona. Mtihani wa lazima ulikuja Juni 1935, miaka 31 baadaye, na hata ulipokuja haukumgusa yeyote aliyekuwa ameanza kuendesha kabla ya tarehe 1 Aprili 1934. Vita vilipozuka mwaka 1939 mitihani ikasimamishwa hadi mwishoni mwa 1946. Mwaka 1947, waliokuwa na leseni za muda za wakati wa vita walipewa nafasi ya mwaka mmoja kuzigeuza kuwa leseni kamili bila kutahiniwa. Kisha likaja suala la Mfereji wa Suez. Mafuta yalipoadimika mwishoni mwa 1956, mitihani ilisimamishwa tena, na wanagenzi wakaruhusiwa kuendesha peke yao bila mtu wa kuwaongoza. Kwa hiyo nchi inayomtaka mwanamke wa Eldoret aanze upya ilikuwa na maelfu ya madereva wake halali ambao hawakuwahi kutahiniwa na mtu. Iliwaamini kwa sababu walikuwa wake, na kwa sababu wakati ulidai hivyo.

Kuwaamini wa nje kulihitaji mkataba. Tarehe 11 Oktoba 1909 wajumbe wa mataifa ya Ulaya walitia sahihi mjini Paris mkataba wa kwanza wa kimataifa wa magari. Matajiri wa wakati ule walikuwa wakivuka mipaka na magari yao, na kila mpaka ulikuwa na maswali yake. Mkataba ukaleta alama nne za hatari za kuwekwa barabarani, cheti cha kimataifa cha gari na dereva kinachodumu mwaka mmoja, na kile kibao cha yai chenye herufi za nchi nyuma ya gari: F kwa Ufaransa, D kwa Ujerumani, GB kwa Uingereza. Makoloni hayakuwa na kiti pale mezani. Yalikuja kuingizwa na watawala wao, na alama bado ipo: herufi rasmi za kimataifa za magari yetu mpaka leo ni EAK, EAU na EAT, yaani Afrika Mashariki ya Kenya, ya Uganda na ya Tanganyika. Zanzibar nayo ina EAZ. Tanganyika imekuwa Tanzania tangu 1964, lakini T yake haikujali. Barabarani tulipewa majina na wengine, na majina hayo tukabaki nayo.

Mkataba wa pili wa Paris, wa Aprili 1926, ulitenganisha gari na dereva, na hapo ndipo kilipozaliwa kibali cha kimataifa cha kuendesha, kile kijitabu chenye jalada la kijivu ambacho watu wengi hudhani ni leseni ya dunia nzima. Sivyo. Ni tafsiri tu ya leseni ya nyumbani katika lugha kadhaa, na bila leseni hiyo hakina nguvu yoyote. Tena husomwa tu pale nchi zote mbili zilipoukubali mkataba mmoja. Baada ya 1926 umekuja mkataba wa Geneva wa 1949, kisha wa Vienna wa 1968, na si kila nchi iliingia katika yote. Japani iliridhia wa 1949 na kuishia hapo. Ndiyo maana Mjerumani anayetua Tokyo na kijitabu chake cha mkataba wa 1968 huambiwa hakifai. Nchi ya Benz na ya autobani! Japani imemtafutia mlango wa pembeni: anaruhusiwa kuendesha akiwa na leseni yake ya Kijerumani pamoja na tafsiri ya Kijapani iliyoidhinishwa. Udereva wake haukuwa na shaka. Karatasi yake ilikuwa ya meza nyingine.

Kuna jambo moja ambalo mikataba yote hii inafanana: iliandikwa kwa ajili ya mgeni apitaye. Mtalii, mfanyabiashara, mtu wa wiki tatu. Anayehamia, anayepanga nyumba na kuanza kulipa kodi, mikataba imemwachia kila nchi iamue yenyewe. Mkataba wa Vienna unasema wazi kwamba nchi hailazimiki kuitambua leseni ya mtu aliyehamishia makazi yake kwake. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria za barabarani zimeigeuza methali. Ukiwa mgeni, unaaminiwa na gari. Siku unayopewa jembe, siku unayokuwa mtu wa pale unayeihitaji barabara ili uishi, ndiyo siku gari linachukuliwa.

Na pengo hilo, ambalo mikataba ililiacha wazi, limejazwa na orodha. Orodha huzaliwa mezani, baina ya serikali mbili, na inaweza kufa mezani vilevile. Waingereza wenyewe walikuja kulionja hilo.

Uingereza ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, Mwingereza aliyestaafu Uhispania aliendesha kwa leseni yake bila wasiwasi. Baada ya kujitoa, nchi hizo mbili zilihitaji makubaliano mapya, na mazungumzo yakaburuzika. Mojawapo ya mambo yaliyoleta ubishi ni nani apewe taarifa za magari na makosa ya barabarani. Uhispania iliongeza muda, ikauongeza tena, kisha ikaacha. Kuanzia tarehe 1 Mei 2022, Waingereza wakazi wa Uhispania ambao hawakuwa wamebadilisha leseni zao kwa wakati hawakuruhusiwa tena kuendesha. Watu walioendesha miaka arobaini wakakaa nyumbani, wengine katika vijiji ambavyo basi halifiki, wakiomba majirani wawapeleke hospitali. Baadhi walikwenda kufanya mtihani wa Kihispania upya. Upande wa pili Mhispania aliyeishi Uingereza aliendelea kuendesha kama kawaida. Sahihi zilitiwa, na kuanzia tarehe 16 Machi 2023 wakaruhusiwa tena. Miezi kumi na nusu. Katika kipindi hicho hakuna Mwingereza aliyesahau kuendesha tarehe 1 Mei, na hakuna aliyejifunza usiku wa kuamkia tarehe 16 Machi.

Mfano wa mwisho unatoka Saudi Arabia, na ndio ulionishawishi kabisa. Tarehe 6 Novemba 1990, wanawake 47 waliendesha magari katika mitaa ya Riyadh kupinga marufuku dhidi ya wanawake kuendesha. Miongoni mwao walikuwamo waliopata leseni nje, walipoishi ugenini. Huko, kama wageni, walipimwa na kupasishwa. Kwao, kama raia, leseni zile hazikusomeka. Walikamatwa, wakanyang'anywa pasipoti, wengine wakasimamishwa kazi. Kwa miongo iliyofuata wanawake wa nchi hiyo waliendelea kuendeshwa, mara nyingi na madereva walioajiriwa kutoka Asia na Afrika. Amri ya kuondoa marufuku ilitangazwa Septemba 2017 na kuanza kutumika tarehe 24 Juni 2018. Wiki tatu kabla, tarehe 4 Juni, wanawake kumi walikabidhiwa leseni za kwanza. Hawakuwa wamejifunza upya. Walikuwa na leseni za nchi kama Marekani, Uingereza, Lebanoni na Kanada, na baada ya kupimwa kwa muda mfupi wakabadilishiwa. Karatasi zilizokuwa zimelala makabatini ziligeuka kuwa halali kwa sababu serikali ilikubali kuzisoma.

Nikiziweka hadithi hizi pamoja, naona jambo moja. Leseni ni barua ya utambulisho. Nyumbani hakuna anayeiona hivyo kwa sababu mwandishi na msomaji ni mtu mmoja. Ukivuka mpaka na kukaa, ndipo unagundua kwamba umebeba barua ya serikali yako kwenda kwa serikali nyingine, na kwamba wewe mwenyewe hukutajwa sana ndani yake. Wanachosoma ni jina la aliyeandika.

Ndiyo maana siwashauri wanaosafiri wajiulize tu kama wanajua kuendesha. Wanajua. Waulize, kabla ya kutia sahihi mkataba wa kazi: leseni yangu itasomeka kwa muda gani, na baada ya hapo nitaifikiaje zamu ya alfajiri? Mwezi wa kwanza ndio wa kuomba leseni ya muda na kutafuta tarehe ya mtihani, wakati ile ya nyumbani bado inakubeba. Atakayengoja mwezi wa kumi na mbili atakuwa amechelewa.

Na swali kubwa zaidi si la msafiri. Dereva wa Nairobi huvuka Namanga na leseni yake ile ile, kwa sababu serikali zetu ziliketi zikakubaliana kusomana. Hakuna linalozizuia kuketi na wengine, kwa niaba ya maelfu ya watu ambao fedha wanazotuma nyumbani husifiwa katika kila hotuba ya bajeti. Ila zitakapoketi zitaulizwa swali ambalo kadi mpya yenye chipu haiwezi kulijibu: mtu huyu mliyempa leseni, mlimpima kweli?