Kupenda kwa Mbali: Mpira, Redio na Mwanafunzi wa Kusini

Historia ya taifa letu imeandikwa zaidi kwa kufuata vyama, vita na viongozi. Leo nataka kuifuata kwa njia nyingine: kupitia mwanafunzi shabiki wa mpira aliyekaa pwani ya Kilwa na Lindi, akafuatilia msimu mzima wa timu ambayo hajawahi kuiona kwa macho yake. Namjua vizuri mwanafunzi huyo kwa kuwa nilikuwa mmoja wao. Hata hivyo simwandiki kwa ajili ya kumbukumbu tu. Hoja yangu ni kwamba ushabiki ule ulitupa uraia kabla hatujapata barabara, na wakati huohuo ukatuzoeza kuwa watazamaji wa mambo yanayotendeka kwingine. Faida tumeisifu sana, gharama hatujaihesabu.

Ushindani wa pande mbili haukuletwa pwani na mpira. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya kuelekea mwisho wa karne ya 19 kisha ikaenea Tanganyika, iliwagawa wakazi wa miji katika pande za Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake, sare zake, michango yake na utaratibu wake wa kuzikana. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975. Anayetazama vyama hivyo kama burudani tu hawezi kuielewa pwani: mlemle ndimo watu walionyimwa utawala walimojifunza kuongoza, kukusanya fedha na kugombana kwa kanuni.

Klabu za Kariakoo zilizaliwa katika mazingira hayo. Yanga inahesabu mwanzo wake mwaka 1935. Klabu iliyotokana na mfarakano wake, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba, inahesabu mwaka 1936. Zilikuwa vyama vya wanachama kabla ya kuwa timu za kutazamwa: zilikuwa na kadi, ada, mikutano na viongozi wanaoweza kuondolewa. Jambo hili tulishike, maana nitalirudia.

Zilifikaje Kilwa? Kwa redio. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Mwaka 1965 serikali ikakichukua chombo hicho na kukiita Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka huohuo ligi ya taifa ikaanza, na Sunderland ikawa bingwa wa kwanza. Sadfa hiyo ilikuwa na matokeo makubwa. Kijana wa Kivinje au wa Mchinga ambaye hakuwa na njia ya kuifikia Dar es Salaam alianza kuisikia kila wiki, kwa Kiswahili kilekile alichozungumza nyumbani, katika sauti za watangazaji ambao baadaye walikuwa kina Ahmed Jongo na Charles Hilary. Taifa lilimfikia kwa sikio kabla ya kumfikia kwa lami.

Nitatoa ushahidi wa msimu mmoja. Mwaka 1993 nilikuwa kidato cha nne katika shule moja ya wilaya yetu. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300, lakini Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea safari ilihesabiwa kwa siku. Magazeti yalitufikia yakiwa yamepitwa na matokeo. Televisheni Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara haikuwapo hadi mwaka uliofuata. Tulikuwa na redio ya betri, na betri zikichoka tulizianika juani ili zifike jioni ya mechi.

Mwaka huo Yanga ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mjini Kampala kwa kuifunga SC Villa katika fainali, nasi wa Simba tukalazimika kunyamaza. Kisha Simba ikaanza safari yake katika Kombe la CAF, ikazitoa klabu za Algeria na Angola, ikafika fainali dhidi ya Stella ya Abidjan. Kila hatua ilikuwa somo. Nilijua Abidjan iko wapi kabla ramani ya darasani haijanifikisha Afrika Magharibi. Kurasa za nyuma za daftari langu la historia zilikuwa na msimamo wa ligi, na katika kupiga hesabu ya tofauti ya mabao nilielewa namba hasi ambazo ubaoni zilikuwa zimenishinda. Tulijadili usiku, mwenye hoja dhaifu akazomewa, mwenye takwimu akasikilizwa. Wengi wetu tulijifunza huko kwamba maneno matupu hayashindi mjadala.

Mechi ya kwanza kule Abidjan ilikwisha bila bao. Tulihesabu kombe limeshafika Msimbazi. Mwezi Novemba, kwenye Uwanja wa Taifa, Simba ikafungwa 2–0. Mjomba wangu, mvuvi na mwana Yanga, hakunicheka. Aliniuliza tu: “Mjomba, hiyo Simba yako inajua kama upo?” Nikamjibu kwamba hata Yanga yake haimjui. “Ndiyo,” akasema, “lakini mimi sina mtihani.”

Swali lake nimelibeba katika kazi yangu ya kufundisha historia, kwa sababu ni swali la kisiasa. Redio ilikuwa barabara ya kwenda upande mmoja. Sisi tuliisikia Dar es Salaam. Dar es Salaam haikutusikia. Mapenzi yetu yalikwenda kaskazini na hayakurudi na uwanja, wala kocha, wala kitabu. Na si mpira pekee. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilicho ndani ya Wilaya ya Kilwa, ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, wakati vijiji vingi vya wilaya hiyohiyo vilikuwa bado vinawasha vibatari. Aliyezoea kushangilia kilicho mbali hachelewi kuona kuwa ni jambo la kawaida cha kwake kwenda mbali.

Hali hii si desturi ya kale ya pwani yetu. Kilwa Kisiwani, aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331, ilikuwa mji uliogonga sarafu zake wenyewe. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi, bara ya Kilwa, kwa watu waliokataa kutazama tu. Jina la vita hivyo lilikuja kubebwa na klabu ya Songea. Wala Kusini haikukosa timu kabisa: Kariakoo ya Lindi, Bandari ya Mtwara na baadaye Ndanda zilipanda, zikashuka. Lililokosekana ni msingi wa kuzifanya zidumu.

Ndiyo maana kupanda kwa Namungo ya Ruangwa kuingia Ligi Kuu katika msimu wa 2019/20 kulikuwa tukio la kihistoria. Kwa mara moja mwanafunzi wa mkoa wa Lindi aliweza kuwaona Simba na Yanga wakija kwake. Mwezi Agosti 2020 Namungo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2–1. Msimu uliofuata ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, pamoja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Ilipoteza michezo yote sita, na michezo yake ya nyumbani ilichezwa Dar es Salaam. Hata ilipopata Afrika, Ruangwa iliendelea kuitazama kutoka mbali.

Lipo jambo jingine. Uwanja wa Ruangwa unaitwa Majaliwa, jina la aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo tangu mwaka 2010 hadi 2025, na Waziri Mkuu tangu Novemba 2015 hadi Novemba 2025. Simlaumu kiongozi anayekumbuka kwao. Wapo wengi waliosahau. Swali langu linahusu sisi wengine. Mkoa ambao fahari yake yote ya mpira inatajwa pamoja na jina la mtu mmoja, nafasi ya mtu huyo inaposhikwa na mwingine, utasimama juu ya nini? Vijana wa Kariakoo wa mwaka 1935 hawakuwa na waziri. Walikuwa na ada na daftari la wanachama.

Leo mwanafunzi wa Kilwa Masoko haaniki betri. Msimu anaufuata kwa simu na katika kibanda umiza, na mapenzi yake yamevuka Rufiji na bahari hadi London na Manchester. Anajua bei ya mchezaji wa Arsenal kuliko anavyojua bajeti ya halmashauri yake, na hesabu aliyojifunza kwenye mpira ananyang'anywa na mikeka ya kubashiri. Simwambii aache kushabikia. Mimi sijaacha. Namwambia kwamba akili anayoitumia kuchambua kikosi inatosha kuchambua taarifa ya mapato na matumizi ya kata yake.

Kwa mtumishi wa umma ombi langu ni dogo: viwanja vya michezo vya shule zenu vipimwe, vipewe hati na visigeuzwe viwanja vya nyumba. Kwa mwanaharakati: klabu ya kata yenye katiba, ada na mkutano wa mwaka ni shule ya uraia kuliko semina nyingi za hotelini. Na kwa mwanafunzi: wewe na wenzako kumi na mmoja mnatosha kuanzisha kitu. Fungueni daftari, andikeni majina, wekeni ada ambayo maskini kuliko nyote anaimudu, na mchagueni mweka hazina mnayeweza kumuuliza. Jezi zitafuata.