Makro: jinsi ya kufungua kanzidata ukiwa ndani ya barua

Kuna swali ambalo kila msimu wa alizeti linarudi pale kafe: "Kaka, barua zangu ziko kwenye programu ya kuandikia, orodha ya wanachama iko kwenye kanzidata. Hivi siwezi kubonyeza kitufe kimoja ndani ya barua, orodha ikafunguka yenyewe?"

Jibu ni ndiyo, inawezekana, tena kwa mistari michache tu. Leo naiweka hapa yote, mtu akiuliza tena namwelekeza huku. Ila kuna kosa moja nililifanya mwenyewe na lilitaka kuwatoa watu machozi, kwa hiyo naanza nalo.

KOSA LENYEWE

Hapa Singida alizeti ndiyo hela ya watu wengi. Kikundi cha wakulima kinakusanya mzigo, katibu anaandika jina la mkulima, kijiji, kilo alizoleta, tarehe, na kiasi alicholipwa. Daftari la karatasi linabaki kijijini, la kompyuta linatembea kwenye flashi. Siku ya kwenda mjini katibu anaingia kafe, anaandika barua, anajaza orodha, anarudi na gari la jioni.

Miaka kadhaa nyuma nilimtengenezea dada mmoja, katibu wa kikundi kutoka upande wa Iramba, makro ya namna hii. Nikaandika ndani yake kwamba kanzidata iko C:\Daftari, kwa sababu siku ile tulikuwa tunafanyia majaribio kwenye kompyuta ya kafe. Ikafanya kazi vizuri, tukafurahi, nikanakili kila kitu kwenye flashi yake.

Mwezi uliofuata dada akaja, mimi sipo. Akachomeka flashi, akafungua barua, akabonyeza kitufe, orodha ikafunguka. Akajaza wakulima wote wa siku tatu, akafunga, akachomoa flashi, akaondoka. Kumbe makro ilikuwa bado inaelekea C:\Daftari. Ilifungua ile nakala ya zamani iliyobaki kwenye mashine ya kafe, sio ya kwenye flashi! Siku ya malipo anafungua flashi, wakulima wale hawamo. Fikiria mzee kaleta magunia yake, anaambiwa jina lako halipo. Kilichotuokoa ni daftari la karatasi.

Basi somo la leo ni hilo: kufungua kanzidata kwa makro ni rahisi, ugumu uko kwenye kuhakikisha unafungua ILE kanzidata unayoitaka.

MANENO KWANZA

Makro ni maelekezo unayoyaandika mara moja, kompyuta ikayarudia kila ukiiamuru. Kanzidata ni orodha iliyopangwa kwa majedwali, unaweza kuitafuta na kuichuja. Kwenye LibreOffice, ambayo ni ya bure, programu ya kuandikia inaitwa Writer na ya kanzidata inaitwa Base. Kwenye Microsoft Office ni Word na Access.

Historia kidogo: Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org yenye menyu za Kiswahili. Toleo lile halikuwa na Base. Base ilikuja na OpenOffice.org 2.0 mwezi Oktoba 2005, na mwaka 2010 LibreOffice ikazaliwa kutoka humo humo. Menyu ziliwahi kusema Kiswahili, lakini lugha ya makro imebaki ya Kiingereza. Usiogope, maneno yenyewe ni machache.

MAKRO YA LIBREOFFICE

Weka barua yako na kanzidata kwenye folda moja. Kanzidata tuiite wanachama.odb. Fungua barua, hakikisha imehifadhiwa kama .odt. Nenda Tools, halafu Macros, halafu Organize Macros, halafu Basic. Kwenye orodha ya kushoto chagua JINA LA BARUA YAKO (sio My Macros, ukiweka huko makro itabaki kwenye kompyuta na haitasafiri na barua). Bonyeza New, kubali jina, futa kilichopo, andika hivi:

Sub FunguaDaftari
  Dim sNjia As String
  Dim oDaftari As Object

  sNjia = ThisComponent.URL
  If sNjia = "" Then
    MsgBox "Hifadhi barua kwanza, ndipo ubonyeze kitufe."
    Exit Sub
  End If

  Do While Right(sNjia, 1) <> "/"
    sNjia = Left(sNjia, Len(sNjia) - 1)
  Loop
  sNjia = sNjia & "wanachama.odb"

  If Not FileExists(sNjia) Then
    MsgBox "Daftari halipo hapa: " & ConvertFromURL(sNjia)
    Exit Sub
  End If

  oDaftari = StarDesktop.loadComponentFromURL(sNjia, "_default", 0, Array())
End Sub

Tuichambue. ThisComponent.URL ni anwani ya barua yenyewe, mahali ilipo sasa hivi. Ile Do While inakata herufi moja moja kutoka mwisho mpaka ikutane na mkwaju, kwa hiyo jina la barua linaondoka na inabaki folda. Kisha tunaongeza wanachama.odb. Maana yake makro haijali kama leo flashi imesomeka E na kesho F. Inatafuta daftari lililo PAMOJA na barua, basi. Hapo ndipo kosa langu lilipotibiwa.

FileExists inauliza kama faili lipo kweli. Kama halipo, makro inasimama na kukuambia ilitafuta wapi. Mstari wa mwisho ndio unaofungua. Neno "_default" linasema: kama daftari tayari liko wazi, liletwe mbele.

Unataka ifunguke moja kwa moja kwenye fomu ya kujazia? Tuseme fomu yako umeiita Mapokezi. Ongeza mistari hii kabla ya End Sub:

  If Not oDaftari.CurrentController.isConnected() Then
    oDaftari.CurrentController.connect()
  End If
  oDaftari.CurrentController.loadComponent(com.sun.star.sdb.application.DatabaseObject.FORM, "Mapokezi", False)

Mstari wa mwisho ni mmoja, usiukate katikati. Na jina la fomu liandike sawasawa na lilivyo kwenye Base, herufi kubwa na ndogo.

KUWEKA KITUFE

Kwenye Writer fungua menyu ya Form, chagua Push Button, chora kitufe juu ya barua. Kibofye kwa upande wa kulia wa mausi, chagua Control Properties. Kwenye General badilisha Label iwe "Fungua daftari". Kwenye Events tafuta Execute action, bonyeza vile vidoti vya pembeni, halafu Macro, chagua FunguaDaftari iliyo ndani ya barua yako. Rudi menyu ya Form, zima Design Mode. Hifadhi. Watu wengi wanasahau kuzima Design Mode halafu wanalalamika kitufe kimekufa.

IKIGOMA

1. Inasema makro zimezuiwa. Hiyo ni kawaida. LibreOffice ikiwa mpya iko kwenye kiwango cha High, haikubali makro za ndani ya barua. Kwenye kompyuta YAKO nenda Tools, Options, Security, Macro Security, kisha Trusted Sources, ongeza folda yako tu. Au weka Medium, itakuuliza kila mara. Funga barua, ifungue upya. Low usiiguse kabisa, nitasema kwa nini.

2. Inadai Java. Kanzidata ya kawaida ya Base inatumia injini ya HSQLDB, nayo inahitaji Java. Tena zilingane: LibreOffice ya 64 biti inataka Java ya 64 biti.

3. Umejaza, ukafungua tena, data hazipo. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Kwenye Base ya namna hii, unayojaza kwenye fomu hayaingii ndani ya faili la .odb papo hapo. Yanaingia unapohifadhi au kufunga lile dirisha KUU la Base. Ukichomoa flashi mapema, au umeme ukikatika, umepoteza. Kwa hiyo kila ukijaza wakulima kadhaa, rudi dirisha kuu, bonyeza Ctrl na S. Ukimaliza funga Base, toa flashi kwa utaratibu, ndipo uchomoe.

KWA WA WORD NA ACCESS

Mashine lazima iwe na Access, Word peke yake haitoshi. Bonyeza Alt na F11, kwenye orodha ya kushoto chagua barua yako (sio Normal), nenda Insert, Module, andika:

Sub FunguaDaftari()
  Dim sNjia As String
  Dim oAccess As Object

  If ThisDocument.Path = "" Then
    MsgBox "Hifadhi barua kwanza."
    Exit Sub
  End If

  sNjia = ThisDocument.Path & "\wanachama.accdb"
  If Dir(sNjia) = "" Then
    MsgBox "Daftari halipo hapa: " & sNjia
    Exit Sub
  End If

  Set oAccess = CreateObject("Access.Application")
  oAccess.OpenCurrentDatabase sNjia
  oAccess.Visible = True
  oAccess.UserControl = True
End Sub

Ule mstari wa UserControl usiuache. Bila huo Access inaweza kufunguka na kujifunga papo hapo, ukadhani umeona mzimu. Barua ihifadhi kama .docm, ukiiweka .docx makro inafutwa. Access inaandika kwenye faili kila unapohama mstari, kwa hiyo hapo ina nafuu kuliko Base, ila kuchomoa flashi ovyo bado ni hatari.

KWA NINI MAKRO ZINAZUIWA

Kwa sababu kitufe kinachoweza kufungua daftari lako kinaweza pia kufanya mengine usiyoyaona. Mwaka 1999 kirusi Melissa kilisafiri ndani ya barua ya Word. Ukiifungua, makro ilikuwa inajituma yenyewe kwa barua pepe kwa watu 50 wa mwanzo kwenye orodha yako ya Outlook. Mchezo huo haujaisha, ndio maana mwaka 2022 Microsoft walianza kuzuia moja kwa moja makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Sasa fikiria kompyuta ya kafe inayopokea flashi za mji mzima, halafu wewe umeiwekea Low ukaondoka. Anayefuata ndiye anaumia.

Ushauri wangu: makro itumie kwenye kompyuta yako au ya ofisi ya kikundi. Ukiwa kafe achana na kitufe, fungua flashi, bofya wanachama.odb mwenyewe mara mbili. Ni sekunde tatu tu, na unaona kwa macho yako unafungua faili la wapi.

Na ukimaliza usiache nakala nyuma. Angalia Desktop, Downloads na kile kikapu cha taka. Orodha ile ina majina ya watu, namba za simu na hela zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa kama hizo zimo. Kuziacha kwenye mashine ya kafe ni sawa na kusahau daftari la kikundi kwenye kiti cha basi.

MWISHO: LABDA HUHITAJI MAKRO

Kama shida yako ni kuchomeka majina ndani ya barua tu, Writer ina njia yake. Bonyeza Ctrl, Shift na F4 kwa pamoja, dirisha la kanzidata linatokea juu ya barua, unavuta safu ya jina mpaka unapoitaka. Kanzidata iandikishe kwanza kwenye Tools, Options, LibreOffice Base, Databases. Lakini angalizo ni lile lile: hapo unaandikisha njia kamili ya faili. Flashi ikibadilika herufi halitapatikana, na kama kuna nakala ya zamani kwenye njia ile, utafungua ya zamani.

Ndiyo hivyo wadau. Yule dada katibu mpaka leo ana utaratibu wake: akifungua daftari, kabla hajajaza chochote anamtafuta mkulima wa mwisho aliyemwandika safari iliyopita. Akimkuta, anaendelea. Asipomkuta, anajua ameshika daftari lisilo lake, anafunga. Makro yangu ya sasa ni nzuri kuliko ile ya kwanza, lakini huo ukaguzi wake naona ni bora kuliko makro zote mbili.

Aliyekwama aweke ujumbe wa kosa kwenye maoni hapo chini kama ulivyotokea, neno kwa neno, na aseme ni LibreOffice au Word. "Imegoma" peke yake haitusaidii. Tuko pamoja.