Jiko la Wahamaji: Chakula na Maneno ya Waasia wa Uganda

Historia ya Waasia wa Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kwa kufuata reli na duka. Ni kweli kwamba ujenzi wa Reli ya Uganda, kati ya 1896 na 1901, uliwaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na biashara ikafuata njia hiyo. Lakini jiko nalo lina kumbukumbu zake, nazo zimehifadhiwa katika maneno.

Kiswahili kilipokea chapati, bajia na masala. Kwa upande wa pili, Kigujarati kilichosemwa Afrika Mashariki kilipokea sufuria, kuku na muhogo, ambao kwa matamshi yao ukawa mogo. Maneno ya namna hii huingia katika lugha ya nyumbani pale ambapo watu wa lugha mbili husimama mbele ya moto mmoja. Yafaa kukumbuka kwamba hawakusimama kwa usawa: mara nyingi mmoja alikuwa bibi wa nyumba, na mwingine mpishi au yaya wa kuajiriwa.

Mnamo tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wataondoshwa Uganda, na muda waliopewa ukawa siku 90. Zaidi ya 27,000 walipokewa Uingereza. Baraza la mji wa Leicester liliweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko, wengi wakaenda. Nyumba, maduka na akiba viliachwa nyuma. Zaidi ya hayo, jamaa wengine walitenganishwa, kwa kuwa mume na mke hawakuwa na uraia mmoja.

Katika ugeni huo chakula kilikuwa miongoni mwa vitu vichache visivyoweza kunyang'anywa mpakani. Muhogo ulipopatikana ulipikwa, na jina lake likabaki lile lile. Leo mogo huuzwa katika mikahawa ya Kihindi mjini London, na mlaji aweza kudhani kwamba neno hilo lilitoka Gujarat.

Hapo ndipo hasara inapokuwa mara mbili. Mwenye nyumba alipoteza nyumba; mpishi wake alipoteza kazi, na jina lake ni nadra kuonekana katika masimulizi ya uhamisho huo. Neno moja la jikoni lawashuhudia wote wawili. Mwanaisimu akiliorodhesha kama neno la mkopo tu, atakuwa amehesabu sufuria akawasahau walioila.