Kusaga kimea cha bia ya nyumbani: Mashine ipi inamfaa mwenye bajeti ndogo?

Anayeanza kupika bia nyumbani hununua kimea na hamira, halafu anakwama kwenye swali moja: kimea kitasagwa na nini? Mashine zipo za kila bei, kuanzia za kuzungusha kwa mkono hadi za mota. Habari njema ni kwamba ya bei ya chini inaweza kufanya kazi vizuri tu, ilimradi mwenyewe ajue anachotaka itoke nacho.

Kuparaza, si kusaga

Kimea cha shayiri hakitakiwi kuwa unga. Kinaparazwa tu: punje ipasuke vipande viwili vitatu, wanga wa ndani uonekane, lakini ganda la nje libaki kubwa kadiri inavyowezekana.

Ganda lina kazi. Kimea kikishalowekwa kwenye maji ya moto, kama nyuzi joto 65 hadi 68 hivi, wanga hugeuka sukari. Baadaye maji hayo matamu huchujwa, na chujio ni maganda yenyewe yaliyotulia chini ya chombo. Yakisagika sana, mchanganyiko unakuwa tope na maji hayapiti. Bia nayo inaweza kutoka na ukakasi mdomoni.

Punje zikipita nzima, hasara ni nyingine: wanga unabaki ndani na sukari haitoki. Kimea kimenunuliwa, lakini sehemu yake inaishia kwenye machicha.

Ulezi ni habari nyingine. Kwa mbege ya Kilimanjaro, kimea cha ulezi husagwa kuwa unga, na unga huo huingia kwenye pombe yenyewe. Hapo mashine ya kawaida ya mtaani inatosha.

Mashine zilizopo

*Kinu na mchi, au blenda.* Gharama ni ndogo, maana vyombo vipo nyumbani. Kwa kilo moja ya majaribio vinafaa. Kwa kilo 5 kinu kinachosha, na blenda hutoa unga mwingi na punje nzima kwa pamoja.

*Mashine ya unga ya mtaani.* Nyingi ni za nyundo na zimewekewa chekeche la unga laini, kwa hiyo hazifai kwa shayiri zikiwa hivyo hivyo. Mwenye mashine aombwe aweke chekeche la matundu makubwa, lile la kuparazia chakula cha kuku. Shida nyingine ni mabaki ya mahindi ya mteja aliyetangulia, hivyo kilo ya mwanzo itolewe pembeni.

*Mashine ya mkono ya sahani.* Inafanana na ile ya kusagia nyama: inafungwa kwenye ukingo wa meza, na ndani ina sahani mbili za chuma zinazosagana. Iliyo maarufu zaidi ni Corona, chapa ya Colombia iliyobuniwa kwa ajili ya mahindi. Ni rahisi kuinunua na ni ngumu kuharibika. Kasoro yake ni kwamba skrubu ikikazwa sana, maganda yanachanika.

*Mashine ya rola.* Punje hupita katikati ya rola mbili za chuma na kubanwa bila kuchanwa. Matokeo yake ni mazuri kuliko zote, maganda hubaki makubwa, na inaweza kuzungushwa kwa drili ya umeme. Lakini bei yake mara nyingi ni mara mbili ya ile ya sahani au zaidi.

Hesabu kabla ya kufungua pochi

Bia ya lita 20 yenye kilevi cha kama asilimia 5 huhitaji kilo 4 hadi 5 za kimea. Tuseme kimea kilichoparazwa vizuri kinatoa asilimia 75 ya sukari yake, na kilichoparazwa vibaya kinatoa asilimia 60. Kwa matokeo yale yale, aliyetumia kilo 4 sasa atahitaji kilo 5.

Kilo moja inapotea kila mpiko. Anayepika mara 3 kwa mwaka hupoteza kilo 3, na hapo mashine ya rola haina haraka. Anayepika kila wiki mbili hupoteza kilo 26 kwa mwaka. Huyo akizidisha kwa bei ya kimea sokoni, anaweza kukuta mashine nzuri imejilipa yenyewe.

Kuirekebisha bila vifaa vya ghali

Kwa rola, nafasi ya milimita 1 hivi ni mwanzo mzuri. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, hivyo ipite katikati ikiwa imelegea kidogo.

Kwa sahani, njia ni macho. Skrubu ilegezwe, kiganja kimoja cha kimea kipitishwe, kisha kiangaliwe kwenye sinia. Punje nzima zikiwa nyingi, skrubu ikazwe kidogo. Unga ukizidi, ilegezwe. Majaribio matatu au manne yanatosha, na alama ya rangi kwenye skrubu inasaidia kukumbuka mahali pake.

Kuna ujanja mwingine: kunyunyizia kimea maji kidogo, kama mililita 100 kwa kilo 5, kukichanganya na kukiacha dakika 10. Ganda linalainika na halivunjiki ovyo. Baada ya hapo mashine ikaushwe ili isishike kutu.

Anayepika kwa mfuko wa kitambaa ana nafuu zaidi, kwa sababu mfuko ndio unaochuja. Hata kimea kilichosagwa laini kidogo hakimsumbui sana.

Usafi na uhifadhi si jambo dogo

Kimea kizima hukaa miezi kadhaa mahali pakavu. Kikishaparazwa huvuta unyevu haraka, hivyo kiparazwe siku ile ile ya kupika. Chenye ukungu au harufu ya uvundo kitupwe, hata kama kimelipiwa.

Januari 2015, watu 75 walikufa katika mkoa wa Tete, Msumbiji, baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi ulihusisha vifo hivyo na sumu ya asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria, na unga wa mahindi ulioharibika ndio uliotiliwa shaka. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Hakuna mashine, ya bei yoyote, inayoweza kusafisha nafaka iliyooza.

Kwa ufupi

Anayejaribu kwa mara ya kwanza aombe kuparaziwa dukani anaponunua kimea, au atumie ya mtaani yenye chekeche kubwa. Anayepika mara chache anunue ya mkono ya sahani na ajifunze skrubu yake. Rola ni ya yule ambaye kupika kumeshakuwa mazoea. Mota iwe ya mwisho kabisa, maana kilo 5 kwa mkono ni jasho la nusu saa tu.