Kutoka Ngoma za Bweranyange hadi Jumapili ya Omurushaka

Tarehe 25 Desemba 1861, Omukama Rumanyika wa Karagwe alimpelekea mgeni wake ng'ombe wa kuchinja. Mgeni huyo, Mwingereza John Hanning Speke, alikuwa amefika Bweranyange, makao ya mfalme kilimani, mwezi mmoja kabla, akiwa safarini kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mfalme alikuwa amesikia kwamba Waingereza hula nyama siku ya Krismasi, basi hakungoja kuombwa. Mwenyeji hakuwa Mkristo wala mgeni hakuwa ndugu, lakini karamu ilifanyika.

Anayetaka kuelewa jinsi mume na mke wa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, wanavyopumzika mwisho wa juma na kusherehekea na jamaa zao, aanzie kwa ng'ombe huyo. Katika nchi hii ya Wanyambo, starehe na ukarimu havijawahi kuachana. Kilichobadilika katika miaka 160 ni mwenye karamu: zamani ilikuwa ya ikulu, leo ni ya watu wawili na nyumba yao.

Enzi za ukoo wa Wahinda, kalenda ya sherehe iliongozwa na mwezi angani. Mwezi ulipoandama, ngoma nyingi zilipigwa mbele ya mfalme na watu wake wakaja kumhakikishia utii. Speke alishuhudia hayo. Alishuhudia pia jambo lililowashangaza wasomaji wake Ulaya: wake wa wakubwa walinyweshwa maziwa mpaka wakanenepa kiasi cha kushindwa kusimama vizuri, na unene huo ndio uliokuwa uzuri na heshima. Kwa mwanamke wa namna hiyo, matembezi na mumewe yalikuwa jambo lisilowezekana. Wageni walimfuata yeye nyumbani. Waliotembea ni wanawake wa wakulima, nao walikuwa wakienda shambani, kisimani au msibani.

Hata hivyo, ikulu ilijua burudani za nje. Mwaka 1876 msafiri Henry Morton Stanley alifika na mashua yake, Lady Alice, akaishusha katika ziwa dogo lililo chini ya Bweranyange. Yalifanyika mashindano kati ya mashua hiyo na mitumbwi ya mfalme, mzee Rumanyika akitazama pamoja na umati wa watu wake. Baadaye Stanley alipelekwa kwenye chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo zimo Wilaya ya Kyerwa. Huko alikuta wagonjwa wakioga kutafuta nafuu. Kwa hiyo safari ya kwenda Mtagata kujituliza mwili ni ya zamani kuliko hoteli yoyote ya mkoa huu.

Dunia hiyo ilivunjika upesi. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng'ombe, na ufalme uliojengwa juu ya maziwa ukabaki na migomba. Wakaja Wajerumani, kisha Waingereza, na baada ya Uhuru, mwaka 1963, serikali ikafuta utawala wa machifu. Ngoma za mwezi mwandamo zikakosa wa kupigiwa. Zao lililoziba pengo la ng'ombe ni kahawa, ambayo ilimpa mkulima wa kawaida fedha yake mwenyewe. Tangu hapo harusi nyingi zimekuwa zikingoja msimu wa kuuza kahawa.

Kanisa nalo liligusa ndoa yenyewe. Wamisionari wa Kikatoliki walikuwa Kashozi, karibu na Bukoba, tangu 1892, na Walutheri wa misheni ya Bethel walifika Bukoba mwaka 1910. Lakini mabadiliko ya ndani ya nyumba yaliletwa zaidi na uamsho wa Walokole, uliovuka Mto Kagera kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliookoka waliacha pombe, waliungama hadharani, na wakafundisha kwamba mume na mke wale meza moja. Mke akatoka uani. Jumapili ikawa siku ya wawili hao kuonekana njiani pamoja, wamevaa nguo zao nzuri, wakienda na kurudi.

Kwa wasiookoka, na hao ni wengi, sherehe bila rubisi, pombe ya ndizi, haijakamilika. Kuitengeneza pombe hiyo ni shughuli ya ukoo. Ndizi hufukiwa shimoni ziive, humenywa, hukamuliwa kwa majani ndani ya mtumbwi wa mti mpaka juisi itoke. Unga wa mtama uliokaangwa huongezwa, mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba, na kesho yake kinywaji kimechacha. Kibuyu cha kwanza si cha mwenye nyumba: ni cha wakwe. Mgeni anayefika kabla ya chakula hupewa kahawa kavu ya kutafuna, kisha ndizi na maharage, na ikiwa ni Novemba au Desemba, senene.

Harusi za leo zimeongeza kamati, kadi za michango, mshereheshaji na spika kubwa. Wazee hulalamika kwamba michango imekuwa mzigo, na wana hoja: kijana akiingia kwenye ndoa na deni la sherehe, ukarimu umegeuka biashara. Lakini mshenga bado anatumwa, mahari bado yanazungumzwa kwa mafumbo, na binti bado anaagwa kwao kwa machozi na vigelegele.

Tangu Kyerwa ilipogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, na lami kutoka Kyaka ikafika Bugene, matembezi yamekuwa mepesi. Wenzi hupanda bodaboda baada ya ibada, wakala nyama choma katika mji wa Omurushaka au Kayanga, kisha wakapitia kwa shangazi wakiwa na mkungu wa ndizi. Mwaka 2019 serikali ilipandisha hadhi mapori mawili ya akiba kuwa Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Ya kwanza ina jina la mfalme yule aliyetoa ng'ombe wa Krismasi.

Hifadhi zimepata jina na mipaka. Wenyeji bado hawajazizoea kama mahali pao pa kupumzikia. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zina kila sababu ya kuitengeneza njia ya kwenda Mtagata, kuweka vibao Bweranyange, na kuwalipa wazee wanaojua habari zake wawe waongozaji. Nanyi wenzi mnaosoma makala hii, Jumapili ijayo ahirisheni nyama choma ya Omurushaka. Wachukueni watoto mpande Bweranyange, na mwende na mzee mmoja wa ukoo awasimulie.