Mistari ya Mondrian, Mistari ya Mashine

Kimya changu kimesababishwa na zile programu za akili mnemba zinazochora picha. Unaandika maneno, unasubiri kidogo, mchoro huo! Nilikuwa natafuta picha ya kupamba makala, na kwa kawaida kazi hiyo humpa rafiki yangu mmoja mchoraji. Safari hii nikasema ngoja nijaribu mwenyewe. Nikaagiza sanaa dhahania: hakuna mtu, hakuna mti, ni vistari vyeusi tu, vya wima na vya ulalo, juu ya karatasi nyeupe.

Ikatoka picha nzuri sana. Nikamwonyesha rafiki yangu. Akaitazama kwa muda, akauliza, "Nani kaichora hii?" Nikakosa jibu.

Kumbe swali lenyewe ni la zamani kuliko sisi. Mwaka 1964, huko Marekani, mhandisi kijana wa Bell Labs aitwaye A. Michael Noll aliichukua picha ya mwaka 1917 ya Mholanzi Piet Mondrian, ambayo ni vistari vyeusi vya wima na ulalo, akaandika programu ya kuiga mtindo wake kwa kompyuta ya IBM 7094. Kanuni alitunga yeye. Mpangilio wa vistari akaiachia mashine iamue kwa namba za bahati nasibu.

Kisha akawaonyesha watu 100 nakala za picha zote mbili. Watu 59 waliipenda zaidi ile ya kompyuta. Waliotambua ipi ni ya kompyuta walikuwa 28 tu! Mpangilio makini wa Mondrian waliuona kama wa mashine, na ule wa kubahatisha wakauona kama wa binadamu. Hapo ndipo mtu unajiuliza: tunapoisifu picha, huwa tunasifu nini hasa?

Noll alipata kisa kingine. Alipotaka kusajili hakimiliki ya mchoro wake mwingine wa kompyuta, Maktaba ya Bunge la Marekani kwanza ilimkatalia: mashine haiwezi kuwa msanii. Akaeleza kwamba programu ile iliandikwa na mtu. Mwishowe wakakubali.

Sasa ruka miaka sitini. Stephen Thaler alitaka kusajili picha ambayo, kwa maelezo yake, ilitungwa na mashine peke yake. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya Washington ilimkatalia: kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, mtunzi lazima awe binadamu. Tofauti mnaiona? Noll alishinda kwa kusema "ni mimi". Thaler alishindwa kwa kusema "si mimi".

Na mimi je? Noll aliketi akaitazama picha moja, akaandika kanuni zake mwenyewe, na jina la Mondrian akalitaja wazi. Mimi niliandika sentensi moja. Programu kama Stable Diffusion, iliyotoka Agosti 2022, ilifundishwa kwa picha nyingi mno zilizokusanywa mtandaoni pamoja na maelezo yake. Wenye picha hizo hawakuulizwa. Huenda michoro ya rafiki yangu imo, huenda haimo. Hana namna ya kutambua, na mimi sina jina la kumtajia. Jibu la Noll, "ni mimi", lingekuwa uongo mdomoni mwangu.

Sisemi teknolojia hii ni shetani. Nitaendelea kuichezea, maana inanifundisha kuangalia. Ila ile picha sikuitumia. Nilimpigia rafiki yangu, tukapatana bei, akachora ya kwake. Ina vistari vichache zaidi, na kimoja kimepinda. Nilipouliza kwa nini kimepinda, alinieleza kwa dakika kumi.

Wewe ungekuwa mmoja wa wale watu 100, ungechagua ipi?